Raia wa Ulaya na ahadi ya kulindana: je, maoni yao yamebadilika kweli?

Mwalimu wa Chake (Chake Chake, Pemba)

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nasomesha historia na uraia katika skuli moja ya sekondari hapa Pemba, na wanafunzi wangu wa kidato cha sita wanajitayarisha kwa mdahalo wenye hoja isemayo kwamba wananchi wa Ulaya wako tayari kupigana kwa ajili ya nchi jirani zao. Niliwaachia watafute ushahidi wenyewe, na sasa darasa limegawika pande mbili, kila upande ukiwa na takwimu za kweli mkononi.

Wanaounga mkono hoja wameegemea Finland. Wanasema kwamba mwanzoni mwa 2022 Wafini waliotaka nchi yao ijiunge na NATO, yaani umoja wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, hawakufika hata theluthi moja, lakini baada ya Urusi kuivamia Ukraine tarehe 24 Februari idadi hiyo ilipanda wiki hadi wiki, mpaka uchunguzi wa maoni uliofanywa mwezi wa Mei kwa ajili ya shirika la utangazaji la nchi hiyo, Yle, ukaonesha asilimia 76. Bunge lao lilipiga kura 188 kwa 8, na tarehe 4 Aprili 2023 Finland ikawa mwanachama wa 31. Sweden, ambayo haijapigana vita tangu 1814, ilifuata tarehe 7 Machi 2024.

Wanaopinga wameleta uchunguzi wa kituo cha Pew cha Marekani uliotangazwa Februari 2020. Watu wa nchi 16 za NATO waliulizwa swali la wazi kabisa: ikiwa Urusi itaingia katika mgogoro mkubwa wa kijeshi na jirani yake aliye mwanachama wa NATO, je, nchi yenu itumie nguvu za kijeshi kumtetea? Kwa kipimo cha kati cha nchi hizo zote, yaani jibu la katikati nchi zikipangwa kutoka chini hadi juu, asilimia 50 walisema hapana na asilimia 38 tu walisema ndiyo. Nchi ambazo zaidi ya nusu ya watu wake walikubali zilikuwa tano: Uholanzi, Marekani, Kanada, Uingereza na Lithuania. Italia na Ugiriki walikubali robo tu ya waliohojiwa.

Ninachouliza ni hiki. Je, tuseme kwamba vita vya Ukraine vimewageuza watu wa Ulaya wakawa watu wa kulindana kweli, au tuseme kwamba waliingiwa na hofu kwa muda na chini ya hofu hiyo wamebaki kama walivyokuwa? Na ikiwa kila upande una sehemu ya ukweli, mwanafunzi wa miaka 18 azisome vipi takwimu hizi bila ya kuchukua ile inayomfaa na kuiacha isiyomfaa?

Nauliza kwa moyo, kwa sababu jambo hili haliko mbali nasi kama ramani inavyoonesha. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Ulinzi wa Pamoja wa SADC, uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003, na askari wetu wamekwenda Msumbiji na Kongo kwa jina la mshikamano wa aina hiyo hiyo. Sikumbuki kuona mwananchi wa kawaida akiulizwa analionaje jambo hilo, na ningependa wanafunzi wangu wajue namna ya kuuliza na namna ya kupokea jibu.

Mkaazi wa Mkunazini (Unguja)

Waalaykum salaam Maalim, na hongera kwa kuwaachia vijana watafute wenyewe.

Takwimu zote mbili ni sahihi na wala hazigombani, kwa sababu hazijibu swali moja. Wafini waliulizwa kama wanataka kuingia mahali ambapo wengine watakuwa na wajibu wa kuwalinda. Watu wa nchi 16 waliulizwa kama wao wenyewe wako tayari kutoka kwenda kuwalinda wengine. Wa kwanza anabisha hodi wakati wa usiku, wa pili anaamshwa usingizini. Mtu yule yule anaweza kujibu ndiyo kwa moja na hapana kwa jingine, na uchunguzi huo huo wa Pew unalionesha hilo vizuri, kwani kwa kipimo cha kati asilimia 60 ya waliohojiwa waliamini kwamba Marekani ingekuja kumtetea mwanachama atakayeshambuliwa. Kwa maneno mengine, wengi waliutegemea mkono wa Marekani kuliko walivyokuwa tayari kuunyoosha wa kwao.

Kuna na swali la tatu, ambalo Umoja wa Ulaya wenyewe huwauliza raia wake mara kwa mara katika uchunguzi uitwao Eurobarometer: je, unaunga mkono sera ya pamoja ya ulinzi na usalama? Hapo jibu limekuwa juu kwa miaka mingi, karibu robo tatu ya watu, na katika 2022 lilifika takriban wanane kwa kila kumi. Waambie vijana wasilibebe jibu hilo kama ushahidi mkubwa. Swali lenyewe halitaji gharama, halimtaji adui, wala halimwambii mtu kwamba mwanawe ndiye atakayekwenda. Historia nayo imeshalipima hilo: mwaka 1952 nchi sita za Ulaya zilitia saini mkataba wa kuunda jeshi moja, fikra iliyotoka Ufaransa, na tarehe 30 Agosti 1954 Bunge la Ufaransa hilo hilo ndilo lililoukataa.

Kuhusu Finland, nadhani wanafunzi wako wameona tarakimu wakaiacha sababu. Nchi hii ina mpaka na Urusi wenye urefu wa kilomita 1,340 hivi. Tarehe 30 Novemba 1939 Muungano wa Sovieti uliivamia, ikapigana siku 105 ikipata huruma nyingi ya dunia na msaada haba wa majeshi, kisha ikapoteza takriban sehemu moja ya kumi ya ardhi yake, na watu zaidi ya laki nne wakahamishwa kutoka Karelia. Baada ya hapo walijifunza mambo mawili kwa pamoja: kutomuudhi jirani mkubwa bila ya sababu, na kutoacha kamwe kuwafunza vijana wao kazi ya jeshi. Sweden ilisitisha utumishi wa lazima mwaka 2010 na kuurudisha miaka saba baadaye, Ujerumani iliusitisha mwaka 2011, lakini Finland haikuuacha hata katika miaka ambayo Ulaya nzima ilidhani vita vimekwisha. Kwa hiyo utayari wa Wafini kupigana haukuzaliwa Februari 2022, ulikuwapo siku zote. Kilichobadilika ni hesabu yao juu ya njia ipi ni salama zaidi. Na wananchi waliwatangulia viongozi: Januari ya mwaka huo waziri mkuu wao, Sanna Marin, alisema haoni uwezekano wa nchi kuomba uanachama katika muhula wake, na kabla ya Mei kwisha ombi lilikuwa limeshapelekwa.

Ningewashauri vijana waitazame zaidi Denmark, kwa sababu huko raia waliulizwa kwa sanduku la kura, na halafu wakaletewa ankara. Wadenmark waliukataa Mkataba wa Maastricht, ule ulioanzisha Umoja wa Ulaya, mwaka 1992, wakaukubali mwaka uliofuata baada ya kupewa ruhusa ya kubaki nje ya mambo manne, moja likiwa ni ulinzi wa pamoja wa Umoja wa Ulaya. Kwa miaka karibu thelathini kila walipoulizwa kama waifute ruhusa mojawapo walikataa, iwe ni juu ya sarafu ya yuro mwaka 2000 au juu ya mambo ya sheria mwaka 2015. Tarehe 1 Juni 2022 waliulizwa juu ya ulinzi, na karibu asilimia 67 ya waliopiga kura wakakubali kuingia. Hayo si maoni ya kwenye simu, ni kura.

Lakini tazama kilichofuata. Ili kupata fedha za kuongeza bajeti ya ulinzi haraka, serikali iliamua kuifuta sikukuu moja, Store Bededag, yaani siku kuu ya sala, ambayo huangukia Ijumaa ya nne baada ya Pasaka na ambayo Wadenmark wamekuwa nayo tangu 1686. Hesabu ilikuwa kwamba watu wakifanya kazi siku moja zaidi, kodi itaongezeka. Februari 2023 vyama vya wafanyakazi vilikusanya makumi ya maelfu ya watu mbele ya jengo la Bunge mjini Copenhagen kupinga. Bunge lilipitisha sheria hiyo mwezi huo huo, na kuanzia 2024 siku ile ikawa siku ya kazi. Wengi wa waliokuwa wakipinga hawakuwa wakiupinga ulinzi wala Ukraine. Walichokipinga ni kwamba mzigo umetwikwa mfanyakazi, kwa kumpokonya mapumziko yaliyokuwa sehemu ya makubaliano ya kazi, bila ya yeye kuulizwa. Mimi naona walikuwa na haki ya kuuliza, na naona pia serikali iliyoamua kusema wazi nani atalipa imewaheshimu raia wake kuliko ile inayokopa kimyakimya na kuuacha mzigo kwa watoto. Hili ndilo ningelifanya kuwa kiini cha mdahalo.

Mhudumu wa Kiwengwa (Unguja)

Maalim, mimi nafanya kazi hotelini pwani ya mashariki, na nitaongeza yale ninayoyasikia kwa wageni, kwa sababu tunapokea Wataliana kwa wingi tangu zamani na sasa Wapoland wanakuja kwa ndege za moja kwa moja. Mwanzoni mwa vita, mamia ya watalii wa Ukraine walikuwa wamekwama visiwani kwetu, hawana ndege ya kurudi wala pahala pa kurudi, na wageni wengine wote walilazimika kulizungumza jambo lile usiku na mchana.

Nilichokiona ni kwamba hawakuwa Ulaya moja. Mtaliana mmoja mzee, mtu mwema aliyekuwa akiwanunulia chakula watoto wa Kiukraine, alinieleza kwa utulivu kwamba vita hivi vitamalizwa kwa mazungumzo na kwamba kila silaha inayopelekwa inayachelewesha. Meza ya pili alikuwa mama wa Kipoland, na mdogo wake kule Lublin alikuwa ameshawachukua watu watano ndani ya nyumba yenye vyumba viwili. Alipoyasikia maneno ya yule mzee aliweka kikombe chini akasema kwamba Urusi ikimaliza pale itakuja kwao, na kwamba bibi yake alishayaona.

Baadaye nilisoma matokeo ya uchunguzi wa Baraza la Ulaya la Uhusiano wa Nje, ambalo ni taasisi ya utafiti, uliotangazwa Juni 2022 na kufanywa katika nchi kumi, nikaona kwamba meza zile mbili zilikuwa picha sahihi. Asilimia 35 walitaka vita viishe haraka hata ikiwa Ukraine italazimika kuachia kitu, na asilimia 22 walitaka Urusi iadhibiwe hata ikiwa vita vitaendelea. Waliobaki walikuwa katikati au hawana la kusema. Italia ndiyo iliyoongoza upande wa kwanza, Poland upande wa pili.

Lakini Poland nayo isichukuliwe kama jiwe moja. Machi 2022 uchunguzi wa CBOS, kituo chao cha maoni, ulionesha kwamba zaidi ya Wapoland tisa katika kumi walikubali nchi yao iwapokee wakimbizi wa Ukraine. Kufikia vuli ya 2024 walikuwa wamebaki nusu hivi. Katikati ya hapo kulikuwa na wakulima kufunga barabara za mpakani kwa sababu nafaka ya Ukraine iliingia ikashusha bei ya nafaka yao, na kulikuwa na manung'uniko juu ya posho za watoto na foleni za hospitali. Na wakati huo huo Poland hiyo hiyo ikafanya bajeti yake ya ulinzi kuzidi asilimia 4 ya pato la taifa mwaka 2024, kiwango cha juu kuliko cha mwanachama yeyote wa NATO, bila ya chama chochote kikubwa kusimama kuipinga. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mshikamano si kitu kimoja. Mtu anaweza kuchoka na mgeni aliyeko nyumbani na wala asichoke kumwogopa adui aliyeko nje. Wanafunzi wako wakichanganya mambo haya mawili wataona kuporomoka mahali ambapo kuna kukazana.

Mzee wa Wete (Pemba)

Assalaam alaykum wanangu. Nimesoma yote kwa makini na nimefurahi kuona vijana wanajadiliana hivi. Hata hivyo naona mnayapa maoni ya watu nguvu ambayo hayakuwahi kuwa nayo peke yake, na nataka Maalim awaoneshe wanafunzi upande huo pia.

Chukueni mwaka 1939. Wengi mmesikia kwamba Wafaransa hawakutaka kufa kwa ajili ya Danzig, mji uliokuwa ukidaiwa na Ujerumani mpakani mwa Poland, kwa sababu swali hilo liliandikwa gazetini mwezi wa Mei na likabaki katika vitabu vya historia. Lakini uchunguzi wa maoni, ambao ulikuwa jambo jipya Ufaransa wakati ule, ulionesha majira ya joto ya mwaka huo huo kwamba walio wengi walikuwa tayari kuizuia Ujerumani kwa nguvu isiuchukue mji ule. Wananchi walishasema ndiyo. Tarehe 3 Septemba Uingereza na Ufaransa zikatangaza vita, kama zilivyoiahidi Poland, halafu majeshi yao yakakaa magharibi karibu bila ya kutenda la maana huku Poland ikimalizwa kwa wiki chache. Ahadi ile haikuvunjwa na raia. Ilivunjwa na majenerali na mawaziri ambao hawakuwa wametayarisha namna ya kuitimiza.

Kisha chukueni mwaka 2003, mkaone kinyume chake. Tarehe 15 Februari mamilioni waliandamana katika miji ya Ulaya, Roma na London na Madrid, kuipinga vita vya Iraq. Serikali za Uingereza, Hispania na Italia ziliwasikia na bado zikasimama na Marekani. Wahispania waliokataa walikuwa wengi mno, lakini askari wao walikwenda, na hawakurudishwa mpaka serikali ilipobadilishwa kwa uchaguzi wa Machi 2004.

Sisi tuliokuwa watu wazima wakati wa vita vya Kagera tunalijua jambo hili kwa upande wetu. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa Novemba 1978 alisema kwamba uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba na karatasi ya kutuuliza, lakini watu walitoa ng'ombe, walitoa nafaka, magari ya watu binafsi yalichukuliwa kwa kazi za jeshi, na vijana wa mgambo walikwenda kwa maelfu, wakiwemo wa visiwa hivi. Msumbiji, nchi iliyokuwa maskini kuliko sisi na yenye vita vyake mlangoni, ilituletea askari. Nchi nyingine za Afrika zilitulaumu waziwazi katika mkutano wa OAU uliofanyika Monrovia mwaka 1979 kwa kuingia Uganda. Vita vilipokwisha Mwalimu alitutaka tufunge mikanda kwa miezi 18, na kila aliyekuwapo anajua kwamba miezi ile haikwisha kwa wakati wake. Sabuni na sukari zilipotea madukani, na shauku ya 1978 ikageuka kuwa uvumilivu mgumu. Hatukujuta kumtoa Amin, ila tulijua kwamba aliyetoa nafaka kwa furaha mwaka ule hakuwa ameulizwa juu ya miaka iliyofuata.

Kwa hiyo nikisoma asilimia 38 au asilimia 76, naona kwamba hiyo ni nia peke yake. Sababu hupungua kadiri mtu anavyokaa mbali na mpaka, ndiyo maana Italia na Ugiriki hazikujibu kama Lithuania. Na uwezo hauulizwi kabisa, kwa sababu mwananchi hajui ghala la risasi lina nini.

Hata hivyo nafurahi kwamba wenzetu wanaulizwa. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana, kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini kikaenda kwa Ujerumani, Unguja na Pemba zikawa chini ya ulinzi wa Uingereza, na hakuna mkaazi wa kisiwa hata kimoja kati ya hivyo vitatu aliyeombwa maoni yake. Watu wa visiwa tuna sababu ya kulithamini swali linapoulizwa, hata likiulizwa vibaya.

Mwalimu wa Chake (Chake Chake, Pemba)

Nawashukuru sana nyote. Mzee wangu, Mwenyezi Mungu akuzidishie umri. Yale maneno ya uwezo, sababu na nia nimeshayaandika ubaoni, na kesho tutaanza kuzipanga takwimu zetu chini yake.

Ningependa kumrudia ndugu yangu wa Mkunazini kwa jambo moja alilolitaja na kulipita. Alisema kwamba wengi waliutegemea mkono wa Marekani. Wanafunzi wangu wanafuatilia habari, na wanajua kwamba tangu mwanzo wa 2025 mkono huo umekuwa ukitiliwa shaka na Wazungu wenyewe. Je, mtu aliyekuwa akisema hapana kwa sababu alijua mwingine atakwenda, akishaona kwamba huenda huyo mwingine asije, atasema ndiyo, au ataogopa zaidi na kunyamaza?

Mkaazi wa Mkunazini (Unguja)

Maalim, hili ndilo swali zito kuliko yote, na kwanza nakubaliana na mzee wetu kwamba nia bila ya uwezo haimlindi mtu.

Kabla ya yote wanafunzi wausome mkataba wenyewe. Ibara ya 5 ya NATO ya mwaka 1949 inasema kwamba shambulio juu ya mmoja ni shambulio juu ya wote, lakini kila nchi itachukua hatua itakayoona ni ya lazima, ikiwemo kutumia silaha. Kwa hiyo nafasi ya maoni ya umma imo ndani ya ibara yenyewe: serikali ambayo watu wake hawataki inaweza kutuma dawa na mahema, na bado isiwe imevunja mkataba kwa maandishi. Ibara ya 42(7) ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya ina maneno makali zaidi, inataka msaada kwa njia zote zilizo katika uwezo wa mwanachama, lakini imetumika mara moja tu, pale Ufaransa iliposhambuliwa na magaidi mjini Paris Novemba 2015. Na ile ya NATO nayo imetumika mara moja, baada ya mashambulio ya Septemba 2001, ikiwa ni kwa ajili ya Marekani. Denmark, nchi ya watu takriban milioni sita, ilipoteza askari zaidi ya 40 nchini Afghanistan. Rais wa Marekani aliporudia kusema mwaka 2025 kwamba anaitaka Greenland, iliyo sehemu ya ufalme wa Denmark, wengi huko waliwakumbuka askari wale kwa uchungu, na mtu yeyote mwenye kuithamini ahadi ataelewa kwa nini.

Sasa jibu lenyewe. Shaka juu ya Marekani imewasukuma Wazungu kwenye fedha haraka kuliko ilivyowasukuma kwenye watu. Ujerumani, ambayo kwa miaka ilijifunga kikatiba isikope kupita kiasi, ilibadilisha katiba yake Machi 2025 ili matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia 1 ya pato la taifa yasihesabiwe katika ukomo huo. Juni ya mwaka huo huo wanachama wa NATO walikubaliana mjini The Hague kufikia asilimia 5 ifikapo 2035, asilimia 3.5 ikiwa ni ya majeshi yenyewe na 1.5 ya mambo yanayohusiana nayo, kama barabara, madaraja na ulinzi wa mitandao. Kumbuka kwamba lengo la awali, lililowekwa mwaka 2014, lilikuwa asilimia 2, na nchi nyingi zilichukua miaka kumi bila ya kulifikia. Hispania ilisema waziwazi kwamba haiwezi kwenda huko na kwamba asilimia 2.1 inaitosha, na waziri mkuu wake, Pedro Sánchez, hakusema hivyo kwa ukaidi tu. Anatawala nchi iliyo mbali na mpaka wa Urusi, kwa kutegemea vyama vya mrengo wa kushoto visivyotaka hospitali na pensheni zipunguziwe kwa ajili ya vifaru.

Kuhusu watu, mambo ni magumu zaidi. Mei 2025 Ujerumani ilizindua mjini Vilnius brigedi yake itakayokaa Lithuania moja kwa moja, ya watu karibu 5,000 itakapokamilika mwaka 2027. Ni mara ya kwanza tangu Vita Vikuu vya Pili kwa jeshi la nchi hiyo kuweka kikosi cha kudumu cha ukubwa huo nje. Hapo ahadi imekuwa na sura: familia za Kijerumani zitahamia karibu na mpaka wa Belarus, watoto wao wasome huko, na anayeishambulia Lithuania atakuwa amewashambulia wao siku ya kwanza, kabla ya uchunguzi wowote wa maoni kufanywa. Nadhani hiki ni kipimo bora kuliko asilimia, na ningemtaka mwanafunzi mmoja apewe kazi ya kufuatilia kama askari wa kujitolea wanatosha kuijaza brigedi hiyo.

Na mwengine apewe hili. Tarehe 5 Desemba 2025 Bunge la Ujerumani lilipitisha sheria mpya ya utumishi wa kijeshi, ambayo chini yake vijana wa kiume waliozaliwa kuanzia 2008 watajaza fomu ya lazima na kupimwa afya, huku kuingia jeshini kukibaki kwa hiari mpaka Bunge litakapoamua vyengine. Siku ile ile wanafunzi wa skuli katika miji mingi waliacha madarasa wakaandamana. Watu wakubwa kuliko wao kwa umri ndio waliopiga kura ndani ya Bunge, na katika uchunguzi wa maoni wazee mara nyingi ndio wanaounga mkono zaidi utumishi wa vijana. Waliokuwa barabarani ni rika la darasa lako, Maalim. Baadhi yao walikuwa wakisema hawataki vita kabisa, baadhi walikuwa wakisema wako tayari kuilinda nchi ila hawakushirikishwa. Wanafunzi wako wayatafute madai yao yalivyoandikwa, wayasome moja moja, na waseme ni yapi wao wenyewe wangeyatia saini.